Meza Ambayo Mama Irena Aligoma Kuiuza

Siku ninayoirudia kichwani kuliko zote, mjukuu wangu, ni ile niliyokwenda Chang'ombe kununua meza ya chakula nikarudi Temeke bila meza. Wanaonijua watakwambia hilo peke yake lilitosha kukumbukwa, maana ujana wangu wote sikuwahi kwenda kwenye bei nikarudi mikono mitupu. Hata sanda niliwahi kupatana bei mbele ya wafiwa, na marehemu hakulalamika.

Biashara yangu ilikuwa vitu vya Wazungu wanaoondoka. Bendera ilikwisha badilishwa, Uhuru tumeupata, na kule Oysterbay na Kurasini haikosi nyumba inafungwa. Bwana anarudi kwao, bibi analia au halii, na vyombo vyote haviingii melini. Hapo ndipo naingia mie. Nanunua mapazia, sahani, saa za ukutani, vitanda vya chuma, napakia kwenye mkokoteni, nauza Temeke na Tandale. Kuna nyumba Tandale walikunywa uji miaka na miaka kwenye vikombe vyenye mstari wa dhahabu na nembo ya ukoo wasioujua.

Kazi ile ilinipa kiburi, na hata wewe ingekupa. Mtu aliyezoea kuita watu kwa kengele, sasa anakubembeleza umchukulie na jagi kwa kuwa umeshachukua sinia. Ukifungua droo unakuta soksi imetoboka kidole kama soksi nyingine yoyote. Nikawa na usemi wangu ninaowachekeshea watu pale uwanjani kwetu: "Wazungu wamekwisha." Wakiniuliza nimejuaje, nasema nimeona shuka zao. Hakuna taifa lenye siri mbele ya mnunuzi wa vitu chakavu.

Sikujiuliza hata mara moja, mie mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, hao watu wenye vikombe vya dhahabu walikwishaje.

Miaka ikaenda, zikaja siasa za Ujamaa. Sizisemi vibaya. Mie mwenyewe nilijifunza kusoma gazeti kwenye darasa la watu wazima la miaka ile, nikiwa nimeketi na wanawake waliokuwa wakiweka dole gumba kwenye kila karatasi. Tuliitana ndugu, na wengi wetu tulimaanisha. Lakini neno zuri likishafika mtaani, halikosi mtu wa kulichonga liwe fimbo. Kwetu mtu huyo alikuwa Anselmi.

Anselmi alikuwa wa rika langu, kuli wa bandarini, mtoto wa mchonga vinyago aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na nyundo yake kutafuta maisha. Mcheshi, mwenye sauti ya redio. Akianza kusema hata wauza samaki wanaweka chini mabeseni. Nilimpenda, kila mtu alimpenda, ndiyo maana tulimsikiliza zaidi ya ilivyofaa.

Na pale kwenye kona kulikuwa na duka la Mzee Nassoro. Tulimwita Mwarabu, ingawa alizaliwa mtaa ule ule, baba yake kazikwa makaburi yetu, na Kiarabu alichokuwa nacho ni cha kuswalia tu. Hakuwa malaika. Mizani yake niliikodolea macho yote mawili, na ukimwomba akuongezee sukari anakuongezea ushauri. Ila kila mtu wa mtaa ule alikua kwa unga na mafuta ya taa ya duka lile, Anselmi akiwemo.

Jioni moja Anselmi akasimama pale tulipozoea kukaa, kwenye gogo la mbele ya nyumba ya baba yake, akasema, "Nyie, tumekubaliana mnyonyaji ni mnyonyaji. Sasa yule wa kwenye kona tunamwamkia kwa lipi?"

Mtu akamuuliza, "Unataka tumpige?"

"Nani kasema kupiga? Tusimpige, tusimtukane, tusimwibie hata kiberiti. Sie watu wastaarabu. Shikamoo tu tusimpe."

Tukacheka. Lilikuwa jambo la bure. Nilipiga hesabu ya faida na hasara, nikarudia, nikaona halinigharimu kitu. Nikakubali.

Sasa wewe unaijua shikamoo, mwanangu. Mdogo ndiye anayeanza. Mzee hawezi kuidai na hawezi kuitanguliza, kazi yake ni kukaa na marahaba yake mdomoni akingoja. Mzee Nassoro akawa anangoja. Wanawake wanaingia dukani, wanataja wanachotaka, wanaweka pesa kwenye meza, wanatoka. Watoto nao wakaiga, na watoto hawajui kiasi, wakawa wanapita wamegeuza uso ukutani kama kuna sinema pale ukutani. Mwanzoni mzee aliwauliza, "Jamani, hamjambo?" Siku zilipozidi akaacha. Akahamisha kiti chake kutoka mlangoni akakiweka ndani, nyuma ya magunia, hata ukipita huoni mtu. Unasikia kikohozi tu.

Tulipoona shikamoo imefanikiwa tukapanda ngazi nyingine. Anselmi akaitisha kikao cha mtaa siku ya Jumamosi. Hoja ilikuwa moja: Mzee Nassoro aombwe ahame na duka lake lifanywe la ushirika. Aombwe, mwanangu. Tulikuwa na adabu sana.

Anselmi akaniita pembeni. "Mwanaidi, tutafutie meza. Meza ya Kizungu, ya maana. Shauri kubwa namna hii haliamuliwi juu ya makreti ya soda."

Nilijua pa kuipata.

Mama Irena, Irena likiwa jina lake mwenyewe, alikaa Chang'ombe, peke yake, kwenye nyumba ndogo yenye ua wa michongoma. Alikuwa Mzungu lakini si Mwingereza. Kwao ni katikati ya Ulaya, nchi ambayo mipaka yake ilisogezwa mara nyingi hata yeye mwenyewe alipoitaja alikuwa akisita kwanza. Alikuja na mumewe baada ya vita kuu ya pili, mume akafa, yeye akabaki anashona magauni ya harusi. Kiswahili chake alikiokota bara na jikoni, kimekaa upande, lakini ukimzoea unamwelewa kuliko karani wa serikali. Wenzake walipokuwa wakifunga masanduku yeye hakufunga. Nilidhani ni ukaidi.

Meza yake ilikuwa ya mti mwekundu, ndefu, imezungukwa na viti vingi vyenye migongo mirefu. Na kila nilipokwenda nilimkuta amekaa mwisho mmoja na sahani moja.

Alinipa chai, tukaanza bei. Alikuwa mpatanaji mzuri, na mimi namheshimu mtu wa namna hiyo. Alitaja bei ya juu, nikashika kifua. Nikataja ya chini, akacheka. Tukaenda hivyo mpaka tukabaki na tofauti ndogo ya kumaliza chai. Ndipo akauliza, kwa kuzungumza tu, "Meza inakwenda kwa nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kicheko kabisa, nikamwigizia Anselmi na sauti yake ya redio, nikamwigizia watoto wanavyogeuza uso ukutani. Nilidhani namburudisha.

Alikuwa ameshika kitambaa anafuta meza. Mkono ukasimama.

"Hamumwamkii," alisema.

"Hatumwamkii tu, mama. Hatujamgusa."

"Nani alisema msimguse?"

"Anselmi mwenyewe. Alisisitiza. Sie si washenzi."

Akavuta kiti akakaa. "Baba yangu alisema hivyo hivyo. Sisi si washenzi."

Sikiliza aliyonisimulia, mwanangu, maana nijuavyo ni mimi pekee niliyebaki nayo.

Mji wao haukuwa mji wa porini. Nilimuuliza kama ulifanana na Oysterbay, akasema Oysterbay ingekuwa ua wa nyuma. Kulikuwa na ukumbi wa michezo, kwaya zaidi ya moja, shule ambayo baba yake alifundisha, treni iliyofika kwa saa yake. Watu walisoma vitabu vinene wakavielewa. Na wanaume wa mji ule walivaa kofia, na njia yao ya kuamkiana ilikuwa kuinua kofia. Ukikutana na mtu unainua, naye anainua, mnapita. Ndiyo shikamoo yao.

Mkabala na nyumba yao alikuwepo muuza vitambaa. Dini yake ilikuwa nyingine, ila mababu zake walizikwa pale pale, na mama yake Irena hakununua kitambaa kwingine. Kisha maisha yakawa magumu. Mkate ukapanda. Bungeni kwao ikawa ni kupigiana kelele tu, leo serikali hii, kesho ile. Kila chama kikawa na gazeti lake na kwaya yake, mwisho kila chama kikawa na mwoka mikate wake. Mtu wa chama kile haonji mkate wa huku. Halafu wasomi, si wahuni, wasomi waliokaa wakinywa kahawa, wakaanza kusema watu wa dini ile ndio wanaonyonya nchi. Wakasema: hatuwapigi, lakini kofia hatuwainulii.

"Siku moja natembea na baba," Mama Irena alisema. "Mimi mtoto, nimeshika mkono wake huu. Muuza vitambaa anakuja. Anainua kofia. Baba mkono wake mwingine unapanda, unafika kwenye kofia, unaigusa hivi. Kama mtu anayeangalia upepo usije ukaichukua. Halafu unashuka. Hakuinua."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Lakini mkono niliokuwa nimeushika ulitoka jasho."

Alikunja kile kitambaa cha kufutia meza. Baadaye ikaja rangi mlangoni kwa muuza vitambaa, alisema, maneno machafu. Baada ya rangi vikavunjwa vioo. Siku wanavunja vioo, jirani wa ghorofani alikuwa anapiga piano, na hakuacha kupiga. Mwisho familia ile ikachukuliwa, kila mtu na mfuko mmoja, ikapita katikati ya mji mchana kweupe, na hakuna aliyeuliza inapelekwa wapi.

"Hata baba yako? Mwalimu mzima?"

"Angeulizaje, binti? Mtu hujamwamkia mwaka mzima, utaanzia wapi kumuuliza unakwenda wapi?"

Nilitaka kunywa. Nilishika kikombe kisicho na chai.

Akaendelea kunisimulia, sasa haraka, kama mtu anayemaliza kufua. Walipokwisha wale wakatafutwa wengine. Waliokuwa chama kile. Waliozungumza lugha ile nyumbani. Waliocheka mahali pasipotakiwa kucheka. Baba yake naye zamu yake ikafika, kwa sababu ya kitabu alichokataa kukitoa darasani, na siku aliyotolewa nyumbani wanaume wa mtaa walikuwa wameshika kofia zao kwa nguvu. Kisha vita. Ukumbi ukaungua. Mpaka ukasogezwa, mtaa ukapewa jina la watu wengine.

"Lakini mmebaki wengine," nilisema. "Si nimewaona watu wa kwenu hata hapa Dar?"

"Wamo. Tukikutana, kila mmoja anamwangalia mwenzake na kumuuliza kwa macho, wewe wakati ule ulikuwa upande gani? Halafu anakumbuka ana shughuli." Akapigapiga ubao wa meza. "Ndiyo maana viti ni vingi na mimi ni mmoja."

Mwanangu, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kimojawapo, nikahisi nakalia kiti cha mtu. Hata hivyo nilijitetea. Nilisema, "Mama, kule ni Ulaya. Huku ni Temeke. Sie hatuna moyo wa namna ile."

"Na sisi tulisema moyo wa namna ile ni wa wengine," alisema. Kisha akasimama, akaondoa vikombe. "Meza sikuuzii."

Nilidhani anapandisha bei. Nikaongeza.

"Sikuuzii. Meza hii imekaliwa na watu wanakula. Haitakaliwa na watu wanaomhukumu jirani."

"Basi tufanye hivi. Uniuzie, nami nitamwamkia Mzee Nassoro."

"Mwamkie kwanza."

"Nikimwamkia kwa mbali, nikiwa napita?"

"Baba aligusa kofia," alisema.

Hapo nikajua hakuna nafasi ya kuingiza hata kidole. Nimepatana bei na wanyama wa kila aina, mabenki na masheikh wakiwemo, na yule ndiye mtu pekee ambaye sikumshusha hata kidogo. Alinifungulia mlango. Pale mlangoni akaniambia jambo la mwisho, na hili halikuwa la hasira. "Mwanaidi, wewe husema Wazungu wamekwisha. Nimekusikia ukisema uani kwangu. Ni kweli, wengine tumekwisha. Sasa umejua tulivyoanza."

Nilirudi kwa miguu na mkokoteni mtupu nyuma yangu, mwenye mkokoteni ananiuliza kila hatua kama nitamlipa. Kichwani nilikuwa nahesabu. Nani nimemwamkia leo, nani ameniamkia. Nikarudia hesabu. Mama yangu mzazi hakuwa mtu wa Temeke, alitoka Kilwa. Nikajiuliza zamu ya Kilwa itafika lini.

Nilipofika kwenye kona sikwenda nyumbani. Jua lilikuwa bado kali, watu wamejibanza kwenye vivuli, na kila kivuli kina macho. Niliingia dukani. Hakuna mtu. Nikazunguka magunia, nikamkuta amekaa, miwani mkononi, anaifuta kwa shati ambalo nalo lilitaka kufutwa.

"Shikamoo, Mzee Nassoro."

Hakuitikia. Alivaa miwani akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekuja kukuamkia."

"Mwanaidi wewe," alisema, "tangu umezaliwa hujawahi kuingia hapa ukawa hutaki kitu." Akasogeza gunia nipate pa kusimama. Akasema, "Marahaba," polepole. Kisha akaniambia sanduku liko juu ya kitanda, mkewe amekwisha kunja nguo. Wanataka kwenda kwa shemeji yake Tabora. Wenyewe, kabla hawajaombwa. "Bora niondoke nikiwa sijafukuzwa. Maana nikifukuzwa nitawachukia, na nyie nimewalea."

Ile ndiyo iliyonitisha. Tabora ni mbali, lakini kilichonitisha ni kwamba angeondoka kimya, na sie tungesema hatukumgusa.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikachukua kiberiti kwenye rafu, nikatoka nacho hadi mlangoni, nikapaza sauti. "Kiberiti hiki bei gani?"

Akataja.

"Mzee Nassoro, hicho kiberiti au nyumba?"

Alinishangaa. Bei ya kiberiti haikuwahi kupatanwa tangu dunia iumbwe. Lakini alikuwa mfanyabiashara, damu ikamchemka. Akatoka nyuma ya magunia. "Ni bei ile ile ya jana na juzi."

"Njiti zenyewe nusu zimekufa!"

"Zihesabu!"

"Nitazihesabu!" Nikakaa kizingitini nikaanza kuzihesabu kwa sauti.

Mwanangu, mtu wa Dar anaweza kupita kwenye moto asigeuke, lakini hawezi kupita kwenye watu wanaopatana bei. Akaja wa kwanza, akaja mwingine. Bibi Tatu, muuza vitumbua, ambaye miguu ilikuwa haimbebi hata kwenda msibani, alifika kabla ya vijana. "Zingatia umri wako, Nassoro," akamwambia, "mpunguzie mtoto."

"Bi Tatu, nimpunguzie nini? Kiberiti?"

"Basi mpe na pipi."

"Pipi mbili," nikasema.

Mwingine akasema mzee ana haki, mwingine akasema mafuta ya taa nayo yamepanda, mzee akajibu, akajibiwa. Wakawa wanabishana naye. Na huwezi kubishana na mtu mzima bila kumwita mzee, huwezi kumwita mzee ukaondoka bila kwaheri. Kijana mmoja aliyekuwa amegeuza uso ukutani wiki nzima alijisahau kabisa, alipofika tu akasema shikamoo, kisha akaziba mdomo. Mzee alimwitikia kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu.

Anselmi akatokea. Hakucheka. Akanivuta pembeni. "Meza iko wapi?"

"Imegoma."

"Meza imegoma." Akatikisa kichwa. "Nawe umenunuliwa kwa kiberiti, Mwanaidi."

"Na pipi mbili," nilimwambia. Nikarudi kizingitini kuhesabu njiti.

Jumamosi kikao kilifanyika, kwenye makreti. Anselmi alisema vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini hoja yake ilitaka mtu aliyekwisha kuwa kivuli, na Bibi Tatu akasimama akauliza, "Huyu mnayesema aondoke ni Nassoro niliyegombana naye juzi? Mbona bado hatujamaliza?" Watu wakacheka, na kicheko kikiingia kwenye shauri kama lile, shauri linavuja. Duka la ushirika likafunguliwa kweli, upande wa pili wa mtaa, na mie nilinunua huko, sukari ikiwepo. Mzee Nassoro akabaki kwenye kona yake. Sanduku likashushwa kitandani.

Usidhani dunia nzima ilipona. Mtaa wa pili kwetu muuza duka aliondoka na watoto wake alfajiri, hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemuaga. Na walipomaliza kule hawakuacha. Ikaanza kuulizwa nani wa hapa na nani wa kuja, nani baba yake alivuka mto gani. Maneno yale yakafika bandarini alikokuwa Anselmi. Wenzake wa kubeba magunia wakaacha kumwitikia. Hawakumpiga. Hawakumtukana. Ruvuma ya baba yake ilitosha.

Siku moja, mchana, nipo dukani kwa Mzee Nassoro nagombania bei ya mchele, nikamwona Anselmi amesimama nje, hapiti, haingii. Amekonda. Mzee amemwona, nami nimeona kwamba amemwona. Lakini mzee hawezi kuanza, nimekwambia. Alikaa na miwani yake anangoja, mkono uko kwenye mizani. Nami niliacha bei ya mchele katikati, jambo ambalo halinitokei.

Anselmi akavua kofia yake ya kazi. Hakuna aliyemfundisha.

"Shikamoo, Mzee Nassoro."

"Marahaba," mzee alisema. Akapangusa kiti. "Umechelewa. Kaa."

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu juzi mlijazana hapa sebuleni mkitazama simu. Ulaya tena. Watu wanarushiana chupa barabarani, wabunge wanatukanana kama watoto kisimani, mwanamke mmoja anamwambia jirani yake wa miaka mingi arudi kwao. Binamu yenu aliyeko huko anasema kwenye jengo lake watu wanapishana kwenye ngazi hawajuani majina, na bibi wa chini alipofariki walijua kwa harufu. Nanyi mkacheka, na wewe ukasema, "Bibi, Wazungu wamekwisha." Neno langu lile lile. Nililisikia linarudi nyumbani limezeeka.

Sikwambii Ulaya imekufa. Wanaosema hivyo kwa furaha huwa wana kitu wanauza, nami nawajua wauzaji. Kuna watu wazuri kule wanaohangaika kuuziba ufa, kama Mama Irena alivyouziba wetu. Ninachokwambia ni kwamba nilikuona jioni ile ile. Jirani yetu alipita, yule aliyetundika bendera ya chama kisicho chako. Ukaitazama simu. Ilikuwa imezimika, mwanangu, kioo cheusi kabisa, nawe ukaitazama mpaka alipopita. Nikamwona baba yake Irena anagusa kofia.

Ndiyo maana silali vizuri siku hizi. Vyuo vipya haviniondolei hofu, wala barabara za juu. Mji ule nao ulikuwa na piano.

Basi nasaha yangu ni hii, wala haina urefu. Usingoje kumpenda mtu ndipo umwamkie. Kataa siasa yake, katalia bei yake, gombana naye mpaka jua lizame kama unaweza, ila gombana naye ukimtazama na ukimwita kwa jina lake. Siku mtu mcheshi, mwenye sauti nzuri, akikwambia kuna jirani asiyestahili salamu, usimjibu kwa hotuba. Nenda kwa huyo jirani siku hiyo hiyo, mchana, watu wakiona. Ukikosa la kusema, kapatane naye bei ya kiberiti. Na ukiona watu wazima mahali fulani wameanguka, usiwacheke kabla hujauliza walianza kwa kuacha kitu gani, kisha utazame kama nawe bado unacho.

Mama Irena aliniuzia meza yake mwishowe, kwa bei yake ile ile, hakunipunguzia hata senti, na kila Ijumaa mpaka alipofariki alikuja kula chakula juu yake. Ndiyo hii unayoweka simu yako. Viti vyake bado ni vingi. Kesho nitapika wali wa nazi, nawe utakwenda mlango wa pili kumwita yule mwenye bendera. Utaanza na shikamoo, maana amekuzidi umri.

Mungu akufikishe umri wa kuitikia marahaba, mwanangu. Na ukiufikia, akukutanishe na watu waliobaki wa kukuamkia.